Kupiga picha maua ya porini: Ni upuuzi au ni tafakuri?

KATIKA Suratu Yusuf, aya ya 105, Mwenyezi Mungu (s.w.) anatutajia aina ya watu ambao, tukijichunguza vizuri, huenda tukakuta ni sisi wenyewe. Ni watu ambao ishara za mbinguni na ardhini zimejaa mbele yao, wanazipita, na huku wamezipa mgongo. Neno ninalotaka tulizingatie leo ni hilo la kupita. Hawa si watu waliofungiwa ndani wasione. Miguu yao imefika pale pale ilipo ishara, macho yao yameiona, ila moyo haukusimama.

Nimeanza na aya hii kwa sababu ya mjadala uliozuka katika msikiti mmoja hapa Dar es Salaam baada ya likizo ya Desemba 2023. Kundi la wanafunzi wetu wa sekondari lilikwenda Lushoto kwa siku nne, likapanda njia za miguu za msitu wa Magamba pamoja na kiongozi mwenyeji. Kila mwanafunzi alipewa kazi moja. Alete picha ya mmea mmoja wa porini alioutazama kwa muda usiopungua robo saa, na chini yake aandike aya inayohusiana nao. Wengi walirudi na maua ya vile vichaka vya miiba vinavyoota kandokando ya njia, vyenye matunda madogo yanayoanza kijani, yakawa mekundu, kisha yakawa meusi. Mtu wa mwambao akiyaona atasema ni forosadi, kwa kuwa umbo lake ni la punje nyingi zilizoshikana. Picha zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, nje, jirani na sehemu ya kutawadhia. Zilikaa siku mbili. Siku ya tatu zilikuwa zimebanduliwa.

Aliyezibandua hakujificha. Ni mzee wetu, mtu wa swala ya Alfajiri, ambaye msikiti ule ulijengwa kwa jasho lake na la wenzake. "Ustadh," aliniambia, "watoto tumewakabidhi muwafundishe dini, ninyi mnawafundisha utalii?" Kisha akatoa hoja zake, nami nazieleza hapa kama alivyozitoa kwa sababu si zake peke yake, ni za Waislamu wengi. Ya kwanza, kwamba picha ni haramu na malaika hawaingii zilipo. Ya pili, kwamba kupanda milima kutafuta maua ni mchezo wa wazungu waliokosa kazi. Ya tatu, kwamba nauli iliyotumika ingenunua misahafu.

Hoja ya picha ina uzito wake na haifai kuchekwa. Hadithi za kukataza kutengeneza sura ni sahihi, zimo katika Bukhari na Muslim, na wanachuoni walipofikia zama za kamera walitofautiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914, aliandika risala maalumu ya kuihalalisha picha ya kamera, kwa hoja kwamba mwenye kamera haumbi sura bali anazuia kivuli kilichokwisha kuumbwa, mfano wa taswira katika kioo. Wengine, akiwemo Sheikh Ibn Baz, hawakuikubali hoja hiyo, wakaikataza picha ya chenye roho isipokuwa kwa dharura. Lakini ndugu msomaji, ugomvi wote huo ni juu ya chenye roho. Ua halimo. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (r.a.) akamweleza kuwa riziki yake inatokana na kuchora. Ibn Abbas akamsimulia aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.) kuhusu adhabu ya wenye kutengeneza sura, hata yule mtu akabadilika rangi kwa hofu. Ndipo Ibn Abbas akamwambia kuwa kama hana budi, basi achore miti na kila kisicho na roho. Hii nayo imo katika Bukhari na Muslim. Kwa hiyo hata ukichukua kauli ya wale wakali zaidi katika suala la kamera, picha ya ua la porini imesimama juu ya ardhi imara.

Hoja ya pili ndiyo iliyoniuma, kwa sababu inaonyesha jinsi tulivyosahau vya kwetu. Tumefika mahali ambapo Muislamu akichuchumaa kutazama jani anaonekana kamuiga mzungu! Hebu tumtazame mtu mmoja ambaye jina lake halisikiki sana katika darsa zetu: Rashiduddin ibn as-Suri. Huyu alikuwa tabibu, alizaliwa katika mji wa Sur, pwani ya Sham, mwaka 1177, akawatumikia watawala wa nyumba ya Salahuddin. Kazi yake ilikuwa dawa za mimea. Ibn Abi Usaybi'a, naye tabibu, aliyeandika habari za matabibu katika karne hiyo hiyo ya 13, anatueleza namna alivyofanya kazi. Alikuwa akipanda kwenda sehemu ambazo mimea yenyewe huota, kama vile Jabal Lubnan, na alifuatana na mchoraji aliyebeba rangi za kila namna. Wakiufikia mmea, alimwonyesha mchoraji, naye akaangalia rangi yake, idadi ya majani yake, matawi yake na mizizi yake, akauchora kwa kadiri ulivyo.

Hakuishia hapo. Mmea huo huo aliuchoresha kwanza ukiwa mbichi katika kuchipua kwake, kisha akauchoresha ulipokamilika na mbegu zake kudhihiri, halafu akauchoresha mara ya tatu umenyauka na kukauka. Akazifuatanisha picha hizo katika kitabu chake, ili mtu atakayeukuta mmea ule porini katika hali yoyote kati ya hizo autambue.

Karne sita kabla ya kamera kuvumbuliwa, mtu wetu yuko mlimani, anapiga picha kwa mkono wa mchoraji. Anautazama mmea mmoja mara tatu. Vijana wetu leo wana simu mfukoni ambazo as-Suri angeuza nyumba yake kuipata moja, na wengi wao hawana picha ya mmea wowote iliyopigwa mara mbili.

Kuhusu nauli sina maneno mengi. Wazazi walichangia wenyewe kwa ridhaa yao, na misahafu msikitini pale imo mpaka inapangwa juu ya kabati. Kinachokosekana ni wasomaji, na zaidi ya wasomaji, wenye kuzingatia. Mzee wangu bado hajakubali picha zirudi kwenye ubao, nami sikumshindania ubao. Ziko darasani.

Sasa tuingie katika ua lenyewe, maana tumelizunguka muda mrefu.

Kichaka hiki ni wa jamaa moja na mwaridi. Ukitazama ua lake kwa karibu utaona undugu huo: petali tano, nyeupe au za rangi ya waridi kutegemea aina yake, na katikati msitu wa stameni. Ndani zaidi, juu ya kilima kidogo katikati ya ua, zimejipanga pistili nyingi, kila moja na ovari yake. Hapa ndipo picha ya karibu inapoleta faida ambayo jicho la mpita njia haliipati. Kila pistili inapopata chavua, ovari yake inageuka kuwa punje moja yenye mbegu moja. Lile tunda unaloliona kuwa ni moja ni mkusanyiko wa punje zilizotokana na ua moja. (Forosadi ya mjini ni kinyume chake: kila punje yake ilikuwa kijiua kidogo cha peke yake. Matunda mawili yanayofanana machoni, na njia mbili tofauti za kuyafikia.) Pistili ambazo hazikupata chavua hazijazi kitu, na tunda linatoka limepinda, au lina pengo.

Nani anapeleka chavua? Nyuki kwa sehemu kubwa, pamoja na wadudu wengine. Katika Suratun Nahl, aya ya 68 na 69, Mwenyezi Mungu (s.w.) anamfunulia nyuki kwanza ajifanyie nyumba milimani na mitini na katika wanavyojenga watu, kisha ale katika matunda yote. Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi mbona limetajwa tunda ilhali nyuki tunamwona kwenye ua. Sidai kuwa haya ni tafsiri, ni mazingatio tu. Mwenye kukaa robo saa mbele ya kichaka kile ataona kuwa pale nyuki anapotua, tunda limekwisha kuanza. Punje zinahesabika kwa ziara zake.

Turudi kwenye amri. Suratul An'aam, aya ya 99, inataja maji yaliyoteremshwa kutoka mawinguni, mimea ya kijani iliyotoka kwayo, nafaka zilizopandana, mashada ya mitende, mizabibu, mizaituni na mikomamanga. Kisha linakuja agizo la wazi kwamba tuyatazame matunda yanapoanza kuzaa, na tutazame kuiva kwake. Angalieni, ndugu zangu, agizo lina ncha mbili. Mtu aliyeyaona matunda sokoni Kariakoo yamepangwa kwenye meza hajaitimiza ncha ya kwanza. Na mtu aliyeliona ua, akalipiga picha, akaondoka, hajaifikia ncha ya pili. Jicho linalotakiwa hapa ni jicho linalorudi. Katika Suratul Mulk, aya ya 3 na ya 4, tunaamrishwa kurudisha macho kuliangalia umbo la mbingu, kisha tuyarudishe tena mara mbili.

Na safari hii kutoka ua hadi tunda si jambo la mazingatio peke yake, ni jambo la sheria. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda yaliyo mtini mpaka kufaa kwake kudhihirike, akamkataza muuzaji na mnunuzi, kama alivyopokea Ibn Umar (r.a.). Katika mapokezi ya Anas (r.a.) ikaelezwa kuwa ni mpaka yawe mekundu au manjano, na sababu ikatajwa kwa namna ya swali: ikiwa Mwenyezi Mungu atayazuia matunda yasipatikane, mali ya ndugu yako umeichukua kwa haki gani? Mafakihi wamejenga mlango mzima wa biashara juu ya hadithi hizi. Lakini mkulima wa michungwa au miembe bado anaendewa mti ukiwa na maua, anapewa fedha kidogo kwa sababu watoto wanadaiwa ada, na msimu ukifika shamba lote ni la mtu mwingine. Au mvua inayapukutisha maua na mnunuzi ndiye anayelia. Wengi wetu tunaila mali hiyo bila kujua, kwa sababu hatujui hata ua la mwembe linafananaje. Mtoto wa mjini aliyefuatilia ua moja la porini mpaka likawa tunda, au likashindwa kuwa tunda, ukimsomesha mlango huu wa fikihi hahitaji maelezo marefu.

Nilifundisha somo hili miaka kadhaa kwa chaki na ubao. Wanafunzi walikariri, wakafaulu. Safari hii nilipouliza kwa nini ua haliuziki, binti mmoja alijibu akionyesha picha: "Kwa sababu hili si tunda, Ustadh. Hili ni labda." Nimezisoma sherehe nyingi za hadithi ile na sikumbuki ufafanuzi mfupi kuliko huo.

Hata hivyo nisije nikaonekana nawapamba vijana. Yalitokea mengi katika njia zile ambayo yakiachwa yatakuwa hoja ya kweli dhidi ya safari hizi. Mmoja alilichuma ua zuri kuliko yote kichakani akalipeleka kwenye mwanga, eti picha itoke safi. Mwingine aliukanyaga mche wa jirani ili apate nafasi ya kupiga magoti. Wapo waliojipiga wao wenyewe, ua likiwa limebanwa kwenye kona kama msindikizaji harusini. Na yupo aliyelichuma ua baada ya kulipiga ili wenzake wasipate picha kama yake! Huyu nilimsimamisha. Ua lile lilikuwa na punje zake ndani, kila moja ikisubiri, na matunda ya vichaka hivyo huliwa na ndege na na watoto wanaopita. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala ndani yake ndege, mtu au mnyama, inaandikwa kwake sadaka. Mti wa porini aliyeuotesha ni Mwenyezi Mungu mwenyewe, bila mkono wa mtu, naye amekwisha kuwagawia hao. Wewe unaingiaje katikati na kuinyakua sehemu yao kwa ajili ya picha ya simu?

Pia kuna ugonjwa wa zile picha zinazosambazwa kwenye simu zetu, nyanya iliyokatwa ikaonekana jina la Allah, wingu lililojikunja likasomeka Muhammad, ua lenye petali tano likaambiwa ni ishara ya swala tano. Baadhi ya vijana walianza kutafuta hayo Magamba, wanageuza simu huku na kule mpaka shina lisomeke alif. Niliwazuia. Ishara ni ua lenyewe, lilivyo, na kazi linayoifanya. Anayehitaji ua liandike herufi ndipo aamini, ameyapita yote yaliyomo ndani yake. Kisha kesho akija mtu akionyesha jiwe linalosomeka jina la sanamu, atasema nini?

Kwa walimu wenzangu wa madrasa na wa sekondari wanaofikiria safari kama hii, yapo machache ya kuyajua. Kutoka Dar es Salaam mpaka Lushoto ni safari inayoruhusu kupunguza swala, lakini ruhusa hiyo isigeuke kuwa kisingizio cha kuichelewesha Adhuhuri mpaka jua linakuchwa kwa sababu mwanga ni mzuri. Pangeni mapema mahali pa kuswali njiani, na maji. Mwanga mzuri wa maua ni wa asubuhi, mara baada ya Alfajiri, umande ukiwa bado upo na upepo haujaamka, kwa hiyo anayewahi swala ndiye anayewahi picha. Jua likishapanda, mkinge mmea kwa kivuli cha mwili wako, maana petali nyeupe zikipigwa na jua kali hutoka kama karatasi tupu. Usiivute tawi, sogea wewe, na uangalie miiba: ina ndoano na hushika kanzu na baibui bila kubagua. Msiingie msituni bila kibali na kiongozi. Na picha zikipigwa, wakae nazo kwanza siku kadhaa kabla ya kuzitupa mitandaoni wakihesabu waliopenda. Riya haina mlango mmoja wa kuingilia.

Jambo la mwisho ni hili. Kiongozi wetu alikuwa na mdogo wake anayesoma sekondari huko huko Lushoto. Tuliachana naye kwa makubaliano. Alifunga uzi mwembamba kwenye tawi moja lililokuwa na maua matatu, na kila Ijumaa akawa anatutumia picha ya tawi lile. Ijumaa ya pili petali zilikuwa zimedondoka zote, na katika zile picha za simu kilibaki kitu kisichovutia hata kidogo, kijani na nywele nywele, ambacho kijana wa mjini asingekipiga. Darasa lilianza kuzisubiri. Kufikia Februari 2024, tunda la kwanza lilikuwa jekundu, duara, limejaa. La pili lilikuwa limepinda upande mmoja, lina pengo la punje kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza, na wanafunzi wakabishana ni siku ipi nyuki hawakufika, kama ilikuwa ni mvua au ni ukungu. Wakafungua picha zote tangu mwanzo na kuzipanga mezani.

Ijumaa iliyofuata ilikuja picha ya uzi, tawi, na tunda moja lililopinda. Lile zima halikuwepo. Chini yake kijana alikuwa ameandika: "Ustadh, samahani, nimechelewa, ndege kaniwahi."